Samli Hupitia Kifuani

Siku mliponiaga mlinipa keki, kitenge na kipaza sauti. Keki nilikula, kitenge nimeshashona, kipaza sauti nilikirudisha upesi kama kinaunguza. Mlitaka niwaambie nimejifunza nini katika miaka yote ya maabara, nikasema "asanteni, Mungu awabariki," nikakaa. Tangu siku hiyo nafsi inanisuta. Kwa hiyo naandika, ninyi mnaobaki na stuli yangu msome mkiwa mnasubiri mashine imalize kuzunguka.

Vyeo sina vya kusimulia. Nilianza nikiwa mhudumu wa maabara na nimemaliza nikiwa mhudumu wa maabara. Katikati nilihama, na kuhama ndiko nilikokuwa hodari. Musoma, Butiama, Bunda, kisha kurudi Musoma, kisha Bunda tena. Nikishazoea harufu ya kituo na kujua ni dirisha gani halifungi, naanza kutazama barabara. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa siku ambayo ng'ombe walivunja zizi. Sasa nina miaka arobaini na tisa, si umri wa kustaafu, lakini jicho la kulia limekataa darubini, na mtu wa maabara asiyeona ni sawa na mtu wa nyumbani tu. Nimeondoka kabla sijamwandikia mtu malaria ya mwenzake.

Kazi niliianzia Musoma. Nilikuwa nakaa Kigera kwa shangazi, nimemaliza kidato cha nne, natembea kwa miguu kwenda hospitali nikiwa na viatu vya shangazi vilivyonizidi. Aliyenipokea ni Mzee Masatu, fundi wa maabara, mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni na moja tu iliyokuwa ikiandika.

"Baiolojia ulipata nini?" aliniuliza.

"D, mzee."

"Basi hujaharibika sana. Chukua brashi."

Miezi mitatu niliosha tyubu. Nilidhani ananionea. Baadaye nilielewa kwamba tyubu chafu husema uongo kwa sauti ya kipimo, na daktari hawezi kujua. Kitu alichonifundisha Mzee Masatu kabla ya kingine chochote ni hiki: andika unachokiona, unachokidhania mwachie daktari, yeye ana mahali pake pa kukiandika.

Habari ya mafuta alinifundisha kwa sufuria. Siku moja mchana tulikula mbuzi, yeye na mimi, mbuzi mnono kweli, na nyama choma tuliichovya kwenye kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo na nyongo ambao wageni wakiambiwa umetengenezwaje huomba soda. Tulipomaliza akanipa sufuria na maji baridi.

"Osha."

Nikaosha. Mafuta yakahama kutoka upande mmoja wa sufuria kwenda upande wa pili, mengine yakahamia kwenye mikono yangu.

"Sasa tia sabuni."

Nikatia. Maji yakawa meupe, mafuta yakaachia.

"Mafuta hayajaondoka," alisema. "Yamevunjwavunjwa kuwa matone madogo sana, yakakubali kukaa na maji. Tumboni mwako hakuna sabuni, kuna nyongo. Ini linaitengeneza, kifuko kinaitunza, na ukila mnono kinaimwaga kwenye utumbo mwembamba. Ikishavunja matone, kongosho nalo linaleta vimeng'enya vyake, vinakata mafuta vipande vidogo vinavyoweza kuingia kwenye ukuta wa utumbo. Bila nyongo ungekuwa kama hiyo sufuria kabla ya sabuni."

"Ndiyo maana tunakula kichuri na nyama yenye mafuta?"

"Hiyo sijui. Mimi nakila kwa sababu ni kitamu."

Kisha akachukua fomu iliyoharibika, akaigeuza, akanichorea njia yote. Ugali ukishameng'enywa, alisema, huingia kwenye mishipa midogo ya damu ya utumbo na kwenda moja kwa moja kwenye ini. Mafuta hayaendi huko. Vile vipande vikishaingia kwenye ukuta wa utumbo huungwa upya kuwa mafuta, hufungwa kwenye vifurushi vyenye ganda la protini, na vifurushi hivyo ni vinene mno kupita kwenye vimishipa vya damu. Kwa hiyo hupita kwenye mishipa mingine, mishipa ya limfu, ambayo hukusanyika, hupanda kifuani nyuma ya moyo, na kumwaga mzigo wake kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Ni hapo ndipo mafuta ya mbuzi wa mchana huingia kwenye damu, na damu huyagawa: misuli ichome, akiba iwekwe, mabaki yaende kwenye ini.

Mimi niliitikia "ndiyo mzee" kila mahali palipofaa. Nilichokuwa nafikiria ni viatu vya shangazi.

Kutoka Musoma nilikwenda Butiama, kwenye kituo cha afya ambacho darubini yake ilikuwa na kioo cha kunasa mwanga wa jua. Asubuhi nilikaa dirisha la mashariki, jioni la magharibi, na likipita wingu wagonjwa wote walisubiri pamoja na mimi. Choo kililetwa kwenye viberiti. Wengine walinirudishia kiberiti wakidai njiti zao. Huko ndiko nilikoona mafuta kwa mara ya kwanza mahali yasipotakiwa: binti mdogo aliyekuwa akikonda huku anakula, choo chake kimepauka na kinaelea, na chini ya darubini kimejaa matone ya mafuta yanayong'aa. Yaliingia, yakatoka, hayakufika popote. Nikaandika nilichoona, akapelekwa mbele, na sijui aliishia wapi. Mtazoea kutojua. Mimi sikuzoea vizuri, ndiyo maana nilikuwa nahama.

Sasa nije Bunda, maana huko ndiko kuna kisa nilichotaka kuwaambia mbele ya kile kipaza sauti.

Alikuwa anaitwa Magesa, mkulima wa pamba, kijana wa miaka kama thelathini, mwenye mabega ya mtu anayeshika plau. Maksai mpya aliyekuwa akimfundisha kulima alimbana kwenye nguzo ya zizi. Alikaa nyumbani siku mbili akiugulia mbavu, akarudi shambani. Wiki tatu baadaye akaanza kukosa pumzi hata akiwa amekaa. Alipoletwa hospitalini, Daktari Neema, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuoni na bado anasoma vitabu usiku, alimwekea mpira kifuani. Ukaanza kutoka ute mweupe, mwingi, ukijaza chupa iliyokuwa sakafuni chini ya kitanda.

Sampuli ikanijia maabara na fomu imeandikwa: Usaha kifuani, na alama ya kuuliza.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeenda wodini kuichukua. Mlangoni alikuwa amesimama mama yake, mwanamke mrefu, mkavu, amefunga kanga kiunoni kama mtu anayetaka kupigana.

"Dada," akaniambia, "hayo ni maziwa."

"Maziwa gani, mama?"

"Ya ng'ombe. Mwanangu anakunywaga maziwa sana tangu mtoto. Yule maksai amemvunja ndani, sasa maziwa yanapotea njia."

Muuguzi alicheka. Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelala Mzee Kisaka, mguu wake umevunjika na umening'inizwa, naye akacheka mpaka kamba zikatikisika. Na mimi nilicheka. "Mama," nikamwambia kwa ujasiri wote wa D yangu ya baiolojia, "maziwa yanaingia tumboni. Hayaingii kifuani."

Alinitazama tu kama mtu anayetazama mtoto wa jirani anayeongopa.

Nikarudi na sampuli yangu. Nikaifungua, haikunuka. Nikaiweka kwenye mashine ya kuzungusha. Hapa msikilize vizuri: usaha ukizungushwa hutua chini, na juu hubaki maji. Ule ulizunguka muda wake wote na ukatoka ulivyoingia, mweupe juu mpaka chini. Nikaweka tone kwenye slaidi. Sikuona zile chembe za vita zinazojaa kwenye usaha. Niliona chembe ndogo za duara, nyingi, na vumbi jeupe lisilo na umbo. Vijidudu hakuna. Nikafungua kabati la juu, nikatoa chupa ya etha iliyobaki kidogo, nikamimina matone kwenye tyubu, nikatikisa. Weupe ukaondoka. Ute ukawa safi, ukapitisha mwanga kama dirisha lililofutwa.

Kilichoyeyuka kwenye etha ni mafuta. Nilikaa kwenye stuli. Ile fomu iliyoharibika ya Mzee Masatu ikanijia yote, na mishale yake.

Sikuituma karatasi, niliipeleka kwa mkono. Daktari Neema aliisoma mara mbili.

"Dada Nyangeta, haya ni mafuta."

"Nimeandika nilichoona, daktari."

"Mshipa mkuu wa limfu umepasuka. Kila anachokula chenye mafuta kinapanda mpaka kifuani, halafu kinamwagika badala ya kufika kwenye damu." Akaegemea ukuta. "Mama yake amesema nini vile?"

Nikamwambia. Hakucheka.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo kuitaja: asipewe mafuta. Asiyekula mafuta hapitishi mzigo kwenye ule mshipa, ute unapungua, na tundu linapata nafasi ya kujifunga. Ugali, maharage ya kuchemsha, sato aliyetolewa ngozi, ute wa yai bila kiini, matunda. Maziwa yaondolewe mafuta yote. Sangara hapana, nyama hapana, samli hata harufu yake hapana. Daktari Neema alitoa wiki mbili. Kila chupa tuliyomwaga iliondoka na chakula cha Magesa na chembe zinazolinda mwili wake, naye alikuwa anakonda mbele ya macho yetu. Ute usipokauka, atapelekwa Mwanza akafunguliwe kifua. "Na kwa alivyo sasa," daktari aliniambia tukiwa wawili, "naogopa hatashuka kwenye kile kitanda cha upasuaji."

Mimi nikapewa kazi ya kuitazama chupa kila asubuhi na kuchukua sampuli.

Siku ya tatu ute ulikuwa umeanza kuwa wa manjano, kama chai ya rangi iliyozidi maji. Tukafurahi. Siku ya nne ulikuwa mweupe. Daktari akauliza, Magesa akasema amekula alichoandikiwa. Mama akasema, "Mimi? Mafuta? Nimpe nani?" Siku ya tano manjano kidogo. Siku ya sita mweupe kuliko siku ya kwanza.

"Hiyo chupa ni mbea," alisema Mzee Kisaka kutoka kitandani kwake. "Mimi nanyamazaga, lakini yenyewe haijui kunyamaza."

"Mzee, unajua kitu?" nikamuuliza.

"Najua mguu wangu unauma."

Mchana wa siku hiyo nilikaa wodini makusudi. Mama Magesa alikuja na kikapu. Akatoa maharage, hayana tone la mafuta. Akatoa ugali wa muhogo na mtama, umekaa vizuri, mviringo, umelainishwa juu kwa mwiko uliolowa maji. Mimi nimekula ugali wa aina hiyo maisha yangu yote, na nikaona kitu kimoja: katikati palikuwa laini kuliko pembeni. Nikaomba kisu kwa muuguzi.

"Unataka kufanya nini?" akauliza mama.

"Kukata, mama. Mgonjwa hana nguvu ya kumega."

Nikakata. Samli ikatoka katikati kama kisima, ya manjano, ya moto bado, ikajaza sahani na kugusa maharage. Alichimba shimo, akamimina, akaziba kwa ugali, akalainisha. Kazi ya fundi.

Magesa alifunika uso kwa shuka.

"Na wewe Magesa ulikuwa unajua," nikasema.

Sauti ikatoka chini ya shuka: "Dada, mama akikupa, unakataaje?"

Nilitaka kugomba. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Lakini mama alikuwa amekaa chini sakafuni, anakusanya samli ile kwa kijiko, hataki ipotee. Nikamshika mkono, nikamtoa nje, tukakaa kwenye benchi karibu na kamba za kuanikia mashuka.

"Sisi kwetu mgonjwa tunampaga samli," alianza yeye, bila mimi kuuliza. "Mzazi anapewa samli. Mtoto asiyeongezeka anapewa samli. Mimi nina ng'ombe, dada. Nina ng'ombe wa maziwa watatu. Nimpe mwanangu maziwa yaliyotolewa siagi, yale tunayowapaga mbwa? Akifa watasema nini? Watasema mama yake alikuwa na samli kwenye kibuyu akamnyima."

"Hatakufa kwa kukosa samli, mama. Atakufa kwa kuipata."

"Alikuwaga mnene huyu. Mmeona mbavu zake?"

"Nimeziona."

"Halafu siku ya kwanza niliwaambia, hayo ni maziwa, mkanicheka. Na wewe ulicheka."

Hilo lilikuwa la kweli, na ninyi vijana nawaomba mlishike: usimcheke ndugu wa mgonjwa kabla tyubu haijamaliza kuzunguka. Nikamwambia, "Nisamehe, mama. Nilicheka, na wewe ulikuwa umekaribia kabisa. Hayakupotea njia. Mafuta ya maziwa yana njia yao, na njia yao inapita kifuani. Maksai ameitoboa."

Akanigeukia. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, sufuria na sabuni, vifurushi vinene, mishipa inayotoka kwenye utumbo ikiwa imebeba mafuta, inapanda nyuma ya moyo. Alisikiliza huku anatazama mashuka. Nilipofika kwenye ile mishipa midogo ya utumbo nikasema haionekani kwa urahisi, ni kama nyuzi, na hapo akanikata.

"Nyeupe?"

"Mtu akiwa amekula mafuta, ndiyo, nyeupe."

"Nimeziona."

"Umeziona wapi, mama?"

"Fisi alijeruhi mwanambuzi wangu, tukammalizia kisu. Alikuwa ametoka kunyonya saa hiyo hiyo. Nilipofungua tumbo, kwenye ule utando unaoshika utumbo kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyingi, kama mtu ameshona. Mbuzi mkubwa tukimchinja asubuhi hajala, hazionekanagi. Nikamuuliza mume wangu, akasema ni mafuta. Nikamwambia mafuta hayakaagi hivyo, hayo ni maziwa yanatembea." Akanitazama. "Yalikuwa yanaenda wapi?"

"Kifuani, mama. Halafu shingoni, kwenye damu."

Akasema kwa sauti ndogo sana, "Basi mimi ndiye niliyekuwa namjazia ile chupa."

Nilimwambia tu kwamba zimebaki siku nane.

Ndugu zangu, kuanzia siku hiyo hatukuhitaji mlinzi. Mama Magesa alikaa kwenye mlango wa wodi na kunusa vyakula vya watu. Shemeji yake Magesa alikuja na sangara wa kukaanga kutoka Musoma, akarudishwa nao. Mama mmoja wa kwaya alileta pilau kwa upendo, akaambiwa, "Upendo wako una mafuta, mpelekee mchungaji." Maziwa aliyaengua mwenyewe, anayaacha yapande siagi, anaiondoa, anayaacha tena, anaiondoa tena, halafu ananiletea maabara nihakikishe. Nilimwambia hatuna kipimo hicho. Akasema, "Yatazame tu." Nikawa nayatazama.

Mzee Kisaka alilalamika kwamba tangu mama aanze ulinzi hata yeye mwenye mguu anakula kama mtawa.

Ute ulirudi kuwa wa manjano. Siku ya tisa chupa haikujaa. Siku ya kumi na moja ilifika nusu. Siku ya kumi na tatu kulikuwa na kiasi cha kikombe, safi, na Daktari Neema akasimama mbele ya kitanda akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Mama, kesho asubuhi lete samli."

Mama Magesa alidhani anajaribiwa. "Sina."

"Unayo. Lete, na maziwa yenye mafuta yake. Tumpe, tuone."

"Mlinifundisha kukataa, nimekataa. Leo mnataka nimpe?"

Daktari akachuchumaa karibu naye, akamweleza polepole. Chupa imekauka kwa sababu mshipa haupitishi mzigo. Hatujui kama tundu limeziba au limepumzika tu. Mpira ukitolewa leo, na Magesa akaenda nyumbani akala kama watu wanavyokula, na kumbe tundu bado lipo, kifua kitajaa tena akiwa mbali na hospitali. Afadhali tujue hapa, mpira ukiwa bado ndani.

"Na likiwa bado lipo?"

"Mwanza," alisema daktari.

Asubuhi mama alikuja na mkebe mdogo wenye kifuniko na chupa ya maziwa. Alipika uji mwenyewe kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, akatia maziwa, akatia samli vijiko viwili, akakoroga. Akaja mpaka kitandani. Akachota kijiko cha kwanza, akakiinua, kikasimama hewani. Uji ukadondoka kwenye shuka.

"Mpe wewe, dada," akaniambia.

"Ni mwanao, mama."

"Mama, lete," alisema Magesa. "Hicho kijiko nimekiota wiki nzima."

"Kama hakitakiwi kileteni huku," alisema Mzee Kisaka, "mguu wangu nao unakonda."

Mama akacheka, macho yamejaa maji, akampa. Alimpa bakuli lote, kijiko kwa kijiko, na kila kijiko alikitazama mpaka koo lilipomeza. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Samli haifiki kifuani mara moja. Inahitaji saa kadhaa ivunjwe, ipite ukuta wa utumbo, ifungwe, ipande. Saa nne tukatazama, hakuna kitu. Saa tano hakuna. Wodi yote ilikuwa inatazama ile chupa. Waliokuja kuona wagonjwa wengine waliombwa wasikanyage mpira. Mama alikaa sakafuni, amekipa kitanda mgongo, hataki kuona, kisha kila baada ya muda anauliza, "Ikoje?" Na Mzee Kisaka anamjibu, "Iko vilevile, mama. Leo imenyamaza."

Saa saba mchana ute uliokuwa umeongezeka kwenye chupa ulikuwa vijiko vichache tu, wa manjano, unaona sakafu kupitia kioo. Daktari Neema akasema inatosha kutabasamu ila haitoshi kushangilia, na akaniomba nimtoe Magesa damu kidogo mkononi. Nilijua anachotafuta. Nikaipeleka maabara, nikaiacha igande, nikaiweka kwenye mashine.

Ilipotoka, chini damu ilikuwa imekaa, nyekundu. Na juu yake, mahali panapokuwa na maji ya manjano kwa mtu aliyeamka hajala, palikuwa peupe, kama mtu ametia maziwa kwenye chai.

Sikuandika kwanza. Nilitoka na tyubu mkononi, nikapita kwenye kamba za mashuka karibu nikimbie. Mama Magesa aliniona naingia, akaona weupe, akapiga yowe.

"Imerudi! Imerudi, Mungu wangu!"

"Hapana, mama, sikiliza. Hii haijatoka kifuani. Hii ni damu ya mkononi, nimemchoma sasa hivi hapa, mtazame. Samli imepanda, imepita kifuani pote, haikumwagika, imeingia kwenye damu. Imefika."

Akainama akatazama chupa ya sakafuni, safi. Akainuka akaichukua tyubu mkononi mwangu bila kuomba, akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku kama mwanamke anayekagua shanga sokoni.

"Hii ndiyo samli yangu?"

"Ndiyo hiyo."

"Ya asubuhi?"

"Ya asubuhi, mama."

Aliitazama mpaka nikadhani hatanirudishia. Halafu akaniwekea mkononi polepole, akafuta uso kwa kanga, akarudi kitandani, akafungua mkebe.

"Kimebaki kijiko kimoja," akamwambia mwanawe. "Fungua mdomo."